Akiba Haiozi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini akiba isiyopangwa hupotea. Hayo nilifunzwa na mashine yangu kuukuu ya kuundia midundo, Akai MPC2000, aina iliyotoka mwaka 1997. Kumbukumbu yake ya asili ni megabaiti 2, yaani sauti ya sekunde zisizozidi 24. Na ikizimwa, vyote vilivyomo hufutika. Diski yake ndogo huchukua megabaiti 1.44 tu.

Siku moja nilinasa sauti ya bibi yangu akiimba huku akipepeta mchele, nikaijengea mdundo. Usiku nikahifadhi mpangilio wa mapigo, nikazima mashine, nikalala. Sikujua kwamba sauti zenyewe huhifadhiwa kwa amri nyingine. Asubuhi mashine ilihesabu mapigo sawasawa, lakini haikutoa sauti. Bibi alikuwa amekwisha kurudi kijijini, na kabla sijamfuata akafariki dunia.

Tangu hapo kila wimbo una diski zake: moja ya mpangilio, nyingine za sauti, zote zimeandikwa jina na tarehe. Kisha mimi huizima mashine, huiwasha tena na kusikiliza kabla sijalala. Diski ile isiyo na sauti ningali nayo. Ndiyo mwalimu wangu.