Ndoo Yangu na Mahakimu wa Salem

Wasomaji wenzangu, muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia alitugawia kila mmoja jambo la kusoma maktabani na kulieleza mbele ya darasa. Mimi niliangukiwa na makosa na adhabu katika makoloni ya Waingereza kule Marekani, kabla nchi ile haijatangaza uhuru wake mwaka 1776. Nilinung'unika sana, maana jirani yangu alipewa Vita vya Maji Maji. Sikujua kuwa jambo lile la mbali lingekuja kunigusa hapa hapa bwenini.

Kwanza nilishangaa kuona kwamba watu wale hawakuwa na desturi ya kumfunga mkosaji gerezani miaka mingi. Gereza lilikuwa zaidi mahali pa kungojea hukumu. Adhabu zenyewe zilikuwa faini, viboko, kitanzi, na aibu ya hadharani. Miji mingi ilikuwa na mkatale, yaani mbao nzito zenye matundu ya kubania miguu, nao uliwekwa penye watu wengi ili kila apitaye aone na kucheka. Mjini Boston, mwaka 1639, seremala mmoja aliyeitwa Edward Palmer alitengeneza mkatale wa mji, akadai malipo ambayo wakubwa waliona yamezidi. Basi alitozwa faini, tena akahukumiwa kukaa saa moja katika mkatale alioutengeneza kwa mikono yake! Niliposimulia hayo darasa zima liliangua kicheko.

Katika koloni la Plymouth, mzinzi alilazimishwa kuvaa herufi zilizoshonwa juu ya nguo yake, ili kila amwonaye alijue kosa lake. Hapo wenzangu waliendelea kucheka, lakini mimi nilinyamaza, kwa sababu nilimkumbuka mtu.

Mimi ni kiranja wa bweni. Mapema mwaka huu ndoo yangu ilipotea. Ndoo katika shule ya bweni ni mali; asiye nayo haogi wala hafui mpaka mwenzake amhurumie. Siku ya pili nilimwona kijana wa Kidato cha Kwanza akichota maji kwa ndoo ya buluu kama yangu, nayo imekwaruzwa pale ambapo jina langu lingekuwa. Nikamshika mkono mpaka kwa mwalimu wa zamu. Kijana alieleza kuwa ndoo ile alinunuliwa na mama yake, na mikwaruzo aliipata safarini, juu ya basi. Nilimwambia, "Kiri tu, mambo yaishe." Hakukiri. Mimi nilisema kwa uhakika, na kwa kuwa ni kiranja neno langu lilichukuliwa. Kesho yake alisimamishwa mbele ya paredi na ndoo kichwani, akachapwa, na ndoo nikakabidhiwa mimi. Tangu siku hiyo shule nzima ilimwita Ndoo.

Wiki mbili baadaye mpishi aliniita, akanipa ndoo yangu, jina langu liko ubavuni. Niliisahau mwenyewe jikoni siku nilipokwenda kuchukua uji. Nilifanya nini? Usiku niliisukuma ndoo ya yule kijana chini ya kitanda chake, nikapanda kitandani kwangu, nikanyamaza.

Nilikuwa katika hali hiyo nilipofika katika habari za Salem, koloni la Massachusetts. Mwaka 1692 wasichana kadhaa walishikwa na ugonjwa usioeleweka, wakasema wamelogwa. Watu wengi walikamatwa. Watu 19 walinyongwa, wala hawakuchomwa moto kama wengi tunavyodhani. Mzee mmoja, Giles Corey, alikataa kuijibu mahakama, akarundikiwa mawe kifuani mpaka akafa. Tena ajabu ni hii: waliokiri kuwa ni wachawi na kushikilia maneno yao hawakunyongwa. Walionyongwa ni wale waliosema, "Sina hatia." Nilipolisoma neno hilo nilikumbuka sauti yangu ikisema, "Kiri tu, mambo yaishe," na nilifunga kitabu.

Kesho yake nilisoma habari za koloni la Virginia, nikidhani nitapumzika. Wapi! Huko mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka pamoja. Wote walihukumiwa viboko 30. Wawili wao, watu wa Ulaya, waliongezewa miaka 4 ya kutumika. Wa tatu, mtu mweusi aliyeitwa John Punch, alihukumiwa kutumika maisha yake yote. Kosa moja, hukumu mbili. Nilijiuliza: lau ndoo yenye mikwaruzo ingalikutwa kwangu, je, mimi kiranja ningalisimamishwa mbele ya paredi? Jibu nalijua, nanyi mnalijua.

Lakini katika kisa cha Salem yuko mtu mmoja aliyenisaidia. Ni Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu waliowahukumu watu wale. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya kufunga na kuomba, alimpa mchungaji wake karatasi kanisani mjini Boston. Mchungaji alipoisoma, Sewall alisimama mbele ya watu wote, naye katika karatasi ile alijitwika lawama na aibu ya hukumu zile. Hakimu mkuu wao, William Stoughton, hakufanya hivyo. Nikaona kuwa njia zilizo mbele yangu ni hizo mbili tu.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kusema mstarini. Magoti yalitetemeka. Nilieleza habari yote: ndoo, jiko, na usiku ule niliponyamaza. Kisha nilimwomba radhi kijana yule kwa jina lake alilopewa na wazazi wake. Wengine waliguna, wengine walicheka. Baada ya paredi nilimfuata. Alinitazama kidogo, akasema, "Nimesikia, kaka," akaenda zake darasani. Nilitumaini atasema zaidi, lakini hakuwa na deni la kunifariji.

Mwalimu wetu alitueleza jambo la mwisho. Mwaka 1711 serikali ya Massachusetts iliwafutia hatia wengi wa watu wa Salem na kuwalipa jamaa zao fedha. Hata hivyo mwanamke mmoja, Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo mwaka 1693 ingawa hakunyongwa, jina lake lilisahauliwa. Lilisafishwa mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule moja ya North Andover, wadogo kuliko sisi, kulishughulikia pamoja na mwalimu wao. Ni miaka 329!

Ndugu zangu, mpaka leo wako wanaomwita kijana yule Ndoo, tena wengine hawajui hata jina hilo lilitoka wapi. Viboko vilikwisha siku ile ile, lakini jina bado linatembea. Mimi nililianzisha, na kila nilisikiapo husimama na kulisahihisha. Nawaomba mnisaidie kabla sijamaliza shule mwaka huu.