Tozo ya Barabara na Mizani ya Haki
Tarehe 17 Februari 2003, meya wa London, Ken Livingstone (ambaye mwenyewe hakuwa dereva), alianza kuwatoza wenye magari pauni 5 kwa siku waingiapo katikati ya jiji. Magazeti yalitabiri vurugu, nazo hazikuzuka. Sheria iliamuru faida itumiwe katika usafiri, na sehemu kubwa ikaendea mabasi. Hiyo ni haki, kwani dereva aliye peke yake garini hutwaa nafasi kubwa barabarani, ilhali anayecheleweshwa ni abiria wa basi. Kufikia 2020 tozo ilikuwa imefika pauni 15. Lakini fundi bomba, ambaye zana zake hazibebeki basini, hulipa sawasawa na wakili aendaye kula chamcha.