KUIKAGUA NJIA

Chama cha Kiswahili kilipopanga safari ya baiskeli kutoka Ukunda hadi Msambweni, mimi na mwenzangu tulitumwa mbele tuikague njia. Ramani tulikuwa nayo, lakini ramani haikwambii lori likija utakimbilia wapi.

Barabara kuu iendayo Lungalunga ni lami, kweli. Ila malori na matatu hupita kwa kasi, na ukingo wa lami mahali pengine umekatika kama ngazi. Mwenye nguvu atapita. Je, yule mdogo wa kidato cha kwanza, apandaye baiskeli ya babake na miguu haifiki vizuri kwenye pedali?

Basi tukashika njia ya vumbi ya Kinondo. Mchanga ulitushusha mara mbili tukasukuma, lakini magari ni machache na kivuli kipo. Tukaupita msitu wa Kaya Kinondo, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Hapo tukaandika: hakuna kuingia kupumzika bila idhini ya wazee.

Mbele, kijijini Gazi, tulimwamkia bibi mmoja.

"Marahaba, wanangu. Mwaenda wapi na jua hili?"

Tulipomweleza, akatuonyesha kisima. "Siku hiyo ondokeni alfajiri. Saa nane mtaungua!"

Kuuliza si ujinga.

Mwalimu alitaka njia fupi. Tukampa ile ndefu na sababu zake, akafikiri, akakubali. Mkaguzi hapimi njia kwa nguvu zake, huipima kwa nguvu za yule atakayekuwa nyuma kabisa.