Ndani ya Nyumba za Mawe za Mkomani

Anayeshuka chomboni katika gati la Lamu saa saba mchana, mwishoni mwa Machi, hupokewa na jua lisilo na huruma. Kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijaingia, na bahari imelala. Lakini akiiacha pwani na kuingia vichochoro vya mtaa wa Mkomani, hali hubadilika kabla hajafika mbali. Kuta za pande mbili zimekaribiana kiasi cha punda wawili wenye mizigo kupishana kwa shida, kivuli kimetanda chini tangu asubuhi, na upepo mwembamba hupita kati yake. Mgeni huvuta pumzi, hushusha mzigo begani, na huendelea kwa mwendo wa taratibu.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mengi yamekwisha kuandikwa juu ya milango yake ya nakshi. Milango inastahili sifa. Sisi tunapita mlangoni ili kuuliza jambo lililo karibu zaidi na maisha ya familia: ilikuwaje nyumba iliyojengwa bila umeme, katika kisiwa cha joto na chumvi, ikawa baridi na nyepesi kutunzika kuliko nyingi tunazozijenga leo kwa gharama kubwa?

Nyumba ya Mwamu huanza nje, kwenye daka. Hiki ni kibaraza kilichofunikwa, chenye mabenchi ya mawe pande zote mbili, mbele ya mlango wa mbao wa mabawa mawili. Mgeni hupiga hodi, hutoa salamu, naye huketi hapo akisubiri kujibiwa. Adabu ambayo Sura An-Nur, katika aya ya 27, imeifundisha kuhusu kuingia nyumba za watu, wajenzi wa Lamu waliipa mahali pake pa kukaa. Nyuma ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wenye kona, hivyo hata mabawa yote mawili yakiachwa wazi ili upepo uingie, jicho la mpita njia hugonga ukuta. Fikiri, msomaji, faida ya kona hiyo moja. Katika nyumba nyingi za siku hizi mlango wa mbele hutazamana moja kwa moja na sebule, na kwa ajili ya sitara familia hulazimika kuufunga kutwa, kisha ikashusha pazia zito juu ya madirisha. Sitara hupatikana, hewa hukosekana, na feni huzungusha joto lile lile.

Baada ya tekani mtu hutokea kiwandani. Msomaji wa bara asidhani tumeingia mahali pa mashine: kwa Waamu, kiwanda ni uwanja wa ndani ulio wazi juu, na ndio moyo wa nyumba nzima. Mwanga wote wa vyumba hutoka humo, kwa kuwa kuta za upande wa njia karibu hazina madirisha. Jua linapopasha hewa ya uwanjani, hewa hiyo hupanda na kutoka, na ile ya baridi iliyokuwa kwenye vivuli vya vichochoro huvutwa kuja kuchukua nafasi yake. Kazi ambayo leo twamlipa fundi wa viyoyozi aifanye, hapa hufanywa na tundu la mraba lililoachwa wazi mbinguni.

Kiwanda hutazamana na misana, kumbi ndefu nyembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na kila uingiapo ndani zaidi sakafu hupanda kidogo na faragha huongezeka, mpaka ufike chumba kiitwacho ndani. Wembamba wa vyumba hivi una sababu yake. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka salama upana unaozidi mita tatu hivi. (Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi karne kwa karne hadi Omani na nchi nyingine za Ghuba, na vyumba vya huko navyo vikachukua kipimo cha mti wa pwani yetu.) Chumba chembamba huwa na nafuu moja kubwa: hakina katikati isiyofikiwa na hewa, wala pembe ya mbali ambako vumbi hujificha.

Zidaka nazo zina somo. Ni safu za matundu yaliyochongwa ndani ya lipu ya chokaa, ambamo sahani za kaure na vitabu hupangwa. Wageni huzipiga picha kama mapambo tu, lakini mama wa nyumba ajua kwamba zidaka hazina miguu ya kuzungushia ufagio, hazina mgongo wa kufugia mende, wala haziliwi na mchwa. Kabati likiwa ndani ya ukuta, sakafu hubaki wazi, na sakafu iliyo wazi hufagiliwa kwa dakika chache. Sebule zetu zilizosheheni makochi manene na kapeti la ukuta hadi ukuta humtaka mtu asukume, ainue, na apige chafya kila Ijumaa asubuhi.

Jiko liko juu kabisa, darini, chini ya paa la makuti. Moshi na joto huondoka bila kupita vyumbani. Ngazi humchosha mpishi, hilo halifichiki, na sidhani kuna sababu ya kuliiga kwa jiko la gesi. Bali ule uamuzi wa kuliweka jiko mahali ambapo upepo hulitoa joto nje ya nyumba, badala ya kulipeleka vyumbani, ungali na maana katika kiwanja chochote.

Chooni kuna birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, na maji huchotwa kwa kata ili kutawadha na kuoga. Waamu walikuwa na desturi ya kuweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi vya mbu. Ni dawa isiyo na harufu wala bei, nayo hufanya kazi mchana na usiku.

Sasa tufike kwenye chokaa, maana hapo ndipo uhai wa nyumba hizi ulipo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na unene wake hufika nusu mita. Jiwe hili lina vitundu vingi, hunywa unyevu na kuuachia. Chokaa inayoliunganisha na kulipaka hutokana na matumbawe yale yale, yakichomwa kwa magogo kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yatulie kwa miezi. Ina tabia moja na jiwe lake: mvua ikinyesha ukuta hulowa, jua likitoka hukauka. Lipu ikimomonyoka mahali, fundi wa mtaa huja na ndoo na mwiko, hukarabati pale tu palipoharibika, na kazi huisha kabla ya Alasiri.

Wengi wameichoka kazi hiyo ya kila mwaka wakaamua kupaka simiti wapumzike. Pumziko ni fupi. Simiti haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji na chumvi vilivyomo ndani ya ukuta hukosa pa kutokea. Baada ya misimu kadhaa lipu hutuna na kubanduka kwa mapande, ukungu mweusi hutambaa chumbani, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki.

Kuna maradhi mengine ambayo hakuna mwiko unaoyatibu, nayo ni nyumba ya warithi wengi. Baba amefariki, mafungu yamegawanywa kwa haki kama sharia inavyoamuru, na kila mmoja ajua sehemu yake ya nyumba. Mmoja yuko Mombasa, mwingine Nairobi, wa tatu Uarabuni. Hakuna anayejua fungu lake la chokaa. Darini pakivuja, kila mrithi humngoja mwenzake, na mvua haimngoji yeyote. Nyumba iliyowasitiri wazazi na wazazi wao huweza kuanguka dari moja baada ya nyingine ndani ya kizazi kimoja, au kuuzwa kwa mgeni aliye tayari kulipia mafundi.

Mafakihi walikwisha kuliona jambo hili katika mlango wa wakfu. Walisema mapato ya mali ya wakfu huanza kutumika katika matengenezo ya wakfu wenyewe, kisha ndipo wanufaika wapewe. Nyumba ya urithi si lazima iwe wakfu ili familia iuchukue utaratibu huo. Kama chumba cha chini kimepangishwa, kodi ya miezi ya mwanzo wa mwaka na iwekwe kando kwa ajili ya dari na kuta, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kabla ya mtu yeyote kupokea senti. Kama hakuna kodi, kila mrithi atoe kwa kadiri ya fungu lake, na mmoja aliye karibu akabidhiwe ufunguo na daftari.

Na anayejenga upya, awe Tanga au Kilwa, hahitaji matumbawe. Apinde njia ya kuingilia ili mlango uweze kukaa wazi. Aweke madirisha pande mbili za kila chumba, zinazokabiliana, kwa kuwa dirisha moja peke yake haliupi upepo njia ya kutokea. Ajenge rafu ndani ya kuta. Na kabla ya kuchagua marumaru na dari ya jipsamu, amwulize fundi swali moja: kikipasuka kipande kimoja miaka kumi ijayo, nani hapa mtaani ataweza kukirekebisha, na kwa kitu gani?

Huko Mkomani, masika inapokaribia, mwenye nyumba hupanda darini na ufagio. Huondoa majani, huzibua njia za kutolea maji, hupitisha kiganja juu ya sakafu akitafuta nyufa, na palipo na ufa huita chokaa mapema, ili ikauke kabla ya wingu la kwanza.