Fonti ya Kishua Ilivyomponza Dada wa Mafuta ya Nywele

Dada mmoja wa Dar, jina kapuni, anatengeneza mafuta ya nywele nyumbani na kuyauza mtandaoni. Biashara ilipoanza kuchanganya, akataka lebo nazo zipande hadhi. Akamtumia dizaina picha za vipodozi vya bei mbaya: herufi nyembamba kama uzi, pana, O duara kabisa, hazina mikia wala mapambo. "Kaka, nataka hivi hivi, ionekane ya kishua."

Dizaina akachagua Montserrat, toleo lake jembamba. Fonti hiyo ni ya bure, na iliundwa na Julieta Ulanovsky wa Argentina aliyevutiwa na mabango ya zamani ya mtaa wa Montserrat, Buenos Aires. Ukoo wake ni wa siku nyingi: mwaka 1927 Mjerumani Paul Renner alitoa Futura, herufi zilizojengwa kwa duara, pembetatu na mistari iliyonyooka. Mpaka leo, anayetaka kitu kionekane cha kisasa hukimbilia huko.

Kwenye kompyuta lebo ilikuwa moto. Dada akatoa hela ya mtaji, akachapisha 500. Zilipofika, mambo yakawa mengine. Herufi pana zinakula nafasi na kichupa ni chembamba, kwa hiyo jina lilibidi lipunguzwe mpaka liingie. Likiwa dogo, mistari ikazidi kukonda. Mbaya zaidi, yalikuwa maandishi meupe juu ya rangi nyeusi. Wino ukasambaa kidogo tu, ukaimeza ile mistari. Kwenye picha za stetasi ndiyo kabisa, kichupa cheusi kisicho na jina.

Wateja wakaanza kuuliza, "Dada, haya mafuta yanaitwaje?" Mmoja aliyapenda hadi akataka kumwelekeza shoga yake, akashindwa kutaja jina. Hakuwahi kulisoma.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dada anadai hela yake. Dizaina anasema alipewa mfano, akaufuata. Wote wana hoja, ila hakuna aliyechapa lebo moja kwa saizi yake halisi, akaibandika kwenye kichupa, akaitazama kwa mbali.

Wembamba peke yake haumpi mtu ukishua. Vile vipodozi vya bei mbaya vinapendeza kwa sababu herufi zimeachiwa nafasi: boksi kubwa, neno moja, pembeni peupe. Kichupa cha mililita 100 hakina nafasi hiyo.

Mwisho walielewana. Dizaina akarudia kazi bure, dada akalipia uchapaji. Fonti ni ile ile, ila jina limewekwa kwa toleo nene. Jembamba limebaki kwenye bango la maonyesho, ambako lina pa kupumulia. Wateja sasa wanaagiza kwa jina.

Zile lebo za kwanza bado ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Hivi hasara yake ilikuwa ya nani kweli?