Kwa Mpwa Wangu Aliye Ruiru

Ngoliba

Mpwa wangu,

Magoti ya mama yako yamepata nafuu. Nakuandikia kwa sababu ya maneno niliyoyasikia hapa stejini: kwamba mwenye jengo unalolisimamia ataka orofa nne ziwe sita, nawe, meneja wa mradi, umenyamaza.

Januari 2006 jengo liliporomoka katikati ya Nairobi likiwa bado linajengwa, hata wanajeshi wa Israeli wakaja kusaidia kufukua watu. Wakati huo nilikuwa seremala kwenye mjengo mmoja Thika. Zege la sleb halikuwa na wiki mbili, na mwenye jengo akatuamuru tung'oe mbao za chini apandishe orofa nyingine. Meneja wetu, kijana wa rika lako, akakataa. Vipande vya zege vilivyopimwa siku ya 7 vilikuwa dhaifu, akataka tungoje vya siku ya 28. Akapigwa kalamu mbele yetu sote. Kabla hajaondoka aliandika barua, nakala kwa mhandisi, nakala kwa baraza la mji. Kazi ikasimamishwa. Sleb ilipovunjwa, zege lilimomonyoka mkononi. Ujira wangu wa mwezi ule sijalipwa hadi leo, na unaniuma, lakini hakuna mama wa Thika aliyezika mtoto kwa sababu ya jengo lile.

Wakazi wa mtaa wa Huruma, Nairobi, hawakubahatika hivyo. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikinyesha, nyumba ya kupangisha ilianguka ikaua watu zaidi ya 50. Ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa.

Najua tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, kila mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia anahesabu kodi ya nyumba. Lakini nguzo zako zilipigiwa hesabu ya orofa nne. Orofa mbili za kuongeza zataka hesabu mpya ya mhandisi na ramani mpya iliyoidhinishwa na kaunti. Hayo umeyasomea, na karo ilitoka kwa ng'ombe wangu, ingawa baba yako hajawahi kulitamka jambo hilo.

Na maadamu wewe ndiye meneja, mafundi walipwe Jumamosi bila kuzungushwa. Risiti za saruji na nondo zipitie mkononi mwako.

Ukimya wako ndio unaonisumbua. Andika Jumatatu hii, mhandisi apate nakala, kisha unipigie simu. Ukipigwa kalamu, njoo nyumbani.

Mjomba wako