Neno Lishtakiwe kwa Jina Lake

Msomaji wangu kijana, mtu aliyetoka gerezani si lazima awe huru. Yamkini amefunguliwa mlango mmoja, akafungiwa mwingine usioonekana kwa macho. Hata asiyefikishwa gerezani huweza kuishi ndani ya ukuta wa namna hiyo. Sheria yetu ya Kenya humruhusu hakimu amweke mkosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Mkosaji hupewa masharti. Akiyavunja huitwa tena mahakamani, na huweza kuadhibiwa kwa kosa lile la kwanza ambalo pengine alidhani limekwisha sahauliwa. Naona huruma nyingi katika sheria hiyo. Lakini nina swali kwako: mtu wa masharti akitoa maneno ya kuwaudhi watu, kisha akashikwa kwa kuvunja sharti, je, ameadhibiwa kwa sharti au kwa maneno?

Swali hili si geni pande hizi ninakoandikia. Nariokotome ni mahali padogo, ufukoni mwa magharibi mwa Ziwa Turkana, penye mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wageni hupajua kwa ajili ya mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambayo Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984. Wataalamu wameichunguza mifupa hiyo mpaka meno yake, nao wangali wakibishana kama kijana yule aliweza kusema. Wachache hukumbuka kwamba kaskazini-magharibi mwa hapa, katika vilima vya Lokitaung, serikali ya kikoloni iliwafunga watu ambao uwezo wao wa kusema haukuwa na shaka hata kidogo.

Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kungu Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu kwa kuongoza Mau Mau. Oneko alikata rufani akashinda, lakini hakurudi kwao. Alizuiliwa kwa sheria za hali ya hatari, kana kwamba majaji hawakusema kitu. Kenyatta alikaa Lokitaung hata Aprili 1959, kifungo kikaisha. Naye pia hakurudi kwao. Alipelekwa Lodwar, kusini mwa hapa, akawekewa amri ya kukaa huko pasipo kuondoka. Mwezi wa Mei 1960, Gavana Patrick Renison alimtangaza kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Mtangazwa alikuwa Lodwar, hana jukwaa la kujibia. Sharti lake halikuhitaji kuvunjwa ndipo limwumize, kwa maana lilikuwa limeshonwa kwa kipimo cha kinywa chake.

Ipo kesi nyingine, ya mbali na ya siku hizi, ambayo mwanafunzi mmoja alinijia nayo baada ya kuisoma katika simu. Nakoula Basseley Nakoula, mzaliwa wa Misri aliyekaa California, alihukumiwa mwaka 2010 kwa udanganyifu wa benki. Baada ya kifungo aliwekwa chini ya uangalizi, akakatazwa kutumia majina ya uongo, wala asitumie intaneti bila ruhusa. Mwaka 2012 ilionekana katika intaneti video yake iliyoitwa Innocence of Muslims, yenye kumtusi Mtume Muhammad. Baadhi ya waigizaji walisema kwamba walidanganywa, na kwamba matamshi yao yalibadilishwa baada ya kupigwa picha. Mwezi wa Septemba ghadhabu ikaenea nchi nyingi, na watu wakafa. Novemba ya mwaka huo huo Nakoula alikiri kwamba alitumia majina ya uongo, akarudishwa gerezani kwa mwaka mmoja. Kwa maneno ya video yenyewe hakushtakiwa, maana katiba ya Marekani huyalinda hata maneno ya kuchukiza.

Mwanafunzi wangu alisema kwamba huo ni ujanja. Mimi sisemi hivyo. Sharti lilitangulia video kwa miaka miwili, nalo lilitokana na udanganyifu wake mwenyewe. Mtu aliyekwisha iba kwa majina ya watu wengine ana haki gani ya kushangaa akikatazwa majina? Hapo kesi yake na ya Lodwar ni mbali kama ziwa na mbingu. Hata hivyo moyo wangu hautulii. Kama video ile isingalitazamwa na mtu, je, faili lake lingalifunguliwa upesi vile? Nadhani lisingalifunguliwa. Nami simpendi mtu huyo hata kidogo, jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya nijihadhari na furaha yangu juu ya kifungo chake.

Kwetu Kenya, ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 hutoa uhuru wa kujieleza, kisha huutoa nje ya ulinzi wake uchochezi wa vita na fujo, na maneno ya chuki. Yapo mabishano mengi juu ya mpaka huo, na waandishi wamewahi kusumbuliwa bure kwa kisingizio chake. Lakini naona ni afadhali neno lishtakiwe kwa jina lake, hadharani, na mwenye neno apewe nafasi ya kujibu, kuliko neno kushtakiwa chini ya jina la kosa jingine.

Mwezi wa Juni 1958, barua ya wafungwa wa Lokitaung wakilalamikia hali yao ilichapishwa katika gazeti la The Observer la London. Mwezi huo huo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akawataja Kenyatta na wenzake kuwa viongozi wa watu. Alizomewa. Aprili 1961, Kenyatta alipokwisha hamishiwa Maralal, waandishi wa habari walipelekwa huko, wakamsikiliza na kumwuliza maswali. Agosti alirudishwa Gatundu, Renison akiwa bado gavana.